Uzi: Floti ya 1985 mpaka lini? SACCO, viwanja na hizi positi

#1 KijanaWaNtinda
Wakuu, salamu. Ninatunza programu ya SACCO moja ya wafanyabiashara hapa Kampala, jina tuliache. Jumla ya akiba kwenye ripoti haipatani na jumla ya vitabu vya wanachama. Si pesa ya kutisha: mwezi huu imepungua shilingi mia na kitu, mwezi uliopita ilizidi. Nimefungua databesi nikakuta aliyeijenga aliweka safu zote za pesa kuwa FLOAT, yaani floti, namba za nukta inayohama ambazo kompyuta huzikadiria.

Katika kusomasoma nikakutana na positi, namba za John Gustafson za mwaka 2017, zinazosifiwa kwamba kwa biti zilezile zinakupa usahihi zaidi. Floti tunayoitumia ni ya kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, kina umri wa wazazi wa baadhi yetu. Kila kitu kwenye kompyuta kimebadilika isipokuwa namba zenyewe. Mimi nasema imezeeka, tuhame. Nani anapinga na kwa nini?

#2 Mama_Hesabu
Kabla hujazilaumu biti, sanduku la pesa taslimu umelihesabu? Mimi ni mhasibu, "mia na kitu" nimeziona zikitoka ofisini kwa miguu yao.

#3 BitiZaWandegeya
Mama, usimtishe kijana, shida yake inaelezeka.

FLOAT ya databesi ya MySQL ni biti 32: moja ya alama, 8 za kipeo (ukubwa wa namba), 23 za tarakimu. Jumlisha ile 1 ya mbele isiyoandikwa, unapata 24. Kwa hiyo namba nzima zinakaa mfululizo mpaka 16,777,216 tu. Ukipita hapo zinaruka mbilimbili, yaani 16,777,217 haimo kabisa. Ukipita milioni 33 na nusu zinaruka nnenne. Mtu anayehesabu dola anaweza kustaafu bila kuliona hilo. Sisi milioni 17 ni salio la kawaida la mwenye duka Kikuubo. Na jumla ikifika bilioni 2.4, kutoka namba moja hadi inayofuata ni shilingi 256. Kosa la kukadiria linaweza kufika 128 juu au chini. Hiyo ndiyo mia na kitu yako.

#4 KijanaWaNtinda
Jumla yetu iko kwenye bilioni mbili na ushei. Si ndiyo hoja yangu hiyo? Tungekuwa na positi ya biti 32 tungepona.

#5 Mstaafu_Jinja
Usingepona, ungezama zaidi. Ngoja nikuonyeshe, maana watu hurudia sifa za positi bila kupiga hesabu.

Positi ina alama, halafu kipande kinachoitwa rejimu, kinachosaidiana na kipeo kubeba ukubwa wa namba, halafu biti mbili za kipeo (kiwango cha 2022 kimezifunga kuwa mbili), kisha tarakimu zinachukua kilichobaki. Rejimu haina urefu maalumu. Namba ikiwa karibu na 1, rejimu ni biti mbili tu, kwa hiyo unabaki na biti 27 za tarakimu, nne zaidi ya floti. Namba ikienda mbali, iwe kubwa sana au ndogo sana, rejimu inarefuka. Ni kama kamunye ya viti 14: kila gunia la matooke linalopakiwa ndani linamshusha abiria. Abiria ndio tarakimu zako.

Sasa bilioni 2.4. Rejimu inakula biti 9, kipeo 2, alama 1, tarakimu zinabaki 20. Hatua, yaani pengo hadi namba inayofuata, inakuwa shilingi 2,048. Floti ilikuwa 256. Hata namba nzima mfululizo, positi ya biti 32 inaishia 8,388,608, nusu ya floti. Kwa shilingi ya Uganda hiyo ni hasara tupu.

#6 Positi_Damu
Mzee, umechagua uwanja wako ndipo ukaita mechi. Nani kasema pesa ziandikwe kwa shilingi mojamoja? Andika kwa mamilioni. Bilioni 2.4 inakuwa 2,400. Hapo positi ina biti 25 za tarakimu, hatua yake ni shilingi 61 hivi, na floti imebaki kwenye 244. Nani anazama sasa?

Halafu mmeruka kitu kikubwa kuliko vyote, kwaire. Ni kikusanyio cha biti 512 kwa positi za biti 32. Unajumlisha na kuzidisha humo ndani bila kukadiria hata mara moja, unakadiria mwisho tu. SACCO nzima ungeijumlisha bila vumbi kupotea njiani. Ongeza kwamba sifuri ni moja tu badala ya mbili, hakuna msitu wa NaN (alama za "si namba") za kila aina, kuna NaR moja basi. Na namba ikizidi haigeuki kuwa "isiyo na mwisho", inakwama kwenye kubwa kuliko zote, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 120.

#7 Mama_Hesabu
Na hizo shilingi 61 niziandike ukurasa gani wa leja?

#8 nakasero_usiku
😂😂 Mama kamaliza.

#9 Mstaafu_Jinja
Positi_Damu, kukwama kwenye kubwa kuliko zote ndiko unakokuita faida? Mimi hesabu ikivuka mpaka nataka iniambie imevuka. Floti inakupa "isiyo na mwisho" na inainua bendera. Yako inanipa namba inayoonekana nzuri na kunyamaza. Na kwaire si uvumbuzi wa Gustafson. Ulrich Kulisch wa Ujerumani alilipigia debe wazo la kikusanyio kirefu miaka mingi kabla, na linafanya kazi na floti vilevile.

#10 AkiikiFortPortal
Jamani, sarafu ndogo mnayoiona sokoni ni ya 50. Senti hatuna. Weka BIGINT, namba nzima, uzi ufungwe twende tukale. Floti zimeua watu: lile kombora la Patriot la kudungua makombora kule Dhahran, Saudia, Februari 1991, askari 28 walikufa kwa ajili ya nukta zenu.

#11 BitiZaWandegeya
Akiiki, mfano wako unakuchoma mwenyewe. Patriot haikuwa na floti pale. Ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, ikazidisha kwa 0.1 iliyokatwa kwenye rejista ya biti 24 zenye nukta isiyohama. Mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 hivi, saa yake ikapotoka kwa sekunde 0.34, kombora la Scud likapita. Yaani ni huohuo ufundi wa "weka namba nzima" unaotuletea.

Kuhusu pesa ninakuunga mkono. Ila mfano utafute mwingine.

#12 Mama_Hesabu
Na msiufunge uzi. Namba nzima zinatosha mpaka siku ya riba. Asilimia 0.5 ya kodi ya kutoa pesa kwenye simu: mtu akitoa 12,350 kodi ni 61.75. Hiyo 0.75 ya shilingi anaibeba nani? VAT ya asilimia 18 ukiitoa ndani ya bei iliyokwisha kujumlishwa, unagawa kwa 118, desimali haziishi. Riba ya mkopo kwa siku, ndiyo usiseme. Mtakata? Mtapandisha?

Soko la hisa la Vancouver lilianza kipimo chake mwaka 1982 kwenye 1,000. Programu ikawa inakata desimali zilizozidi badala ya kukadiria, kila hisa inapouzwa. Mwishoni mwa 1983 kipimo kilikuwa karibu 520 wakati kilistahili kuwa karibu 1,100. Hapo hakuna aliyeiba, na kubadili aina ya namba kusingesaidia kitu kama mkono wa kukata umebaki uleule. Kijana, mimi ninashuku riba yako inakatwa.

#13 Mwalimu_Gulu
Mama amegusa jambo linalotugombanisha darasani. Nilifundisha wanafunzi kwamba 2.5 ikikadiriwa ni 3. Wakaenda kwenye Python wakaandika round(2.5), ikatoa 2. Wakarudi wakinicheka. Kiwango cha IEEE 754 kwa kawaida kinapeleka nusu kamili kwenye namba shufwa, ili kwa hesabu nyingi mapandisho na mashusho yafidiane. 3.5 inakwenda 4, 2.5 inakwenda 2. Ukitumia kanuni ya darasani kwenye mamilioni ya miamala, kila nusu inakwenda upande mmoja.

#14 nakasero_usiku
Floti hiyo hiyo inayoshindwa 0.1 + 0.2. Mtoto wa P4 anaijua.

#15 BitiZaWandegeya
Kwenye biti 64 unapata 0.30000000000000004, kweli. Lakini jaribu kwenye biti 32: kompyuta inakuambia ni sawa na 0.3. Si kwamba biti 32 ni bora, makadirio yameangukia mahali pamoja kwa bahati. Na positi nayo ni ya msingi wa mbili, 0.1 haikai kamili humo hata uifanyie tambiko. Mwenye kutaka 0.1 kamili atafute desimali zenyewe. Marekebisho ya IEEE 754 ya 2008 yameziingiza, na IBM ilishaziweka kwenye prosesa yake ya POWER6 mwaka 2007. Wenye mabenki walijua wanachokitaka.

#16 MpimaNyendo
Mimi si mtu wa benki, ni mpima ardhi Masaka. Nimesoma uzi kwa kimya lakini hapa mmefika nyumbani.

Tuna programu fulani ya kuchora ramani ambayo ndani yake inahifadhi pembe za viwanja kwa floti za biti 32. Wenzangu wa Kampala wanaisifu. Mimi huku viwanja vya futi 50 kwa 100 vilikuwa vinatoka na pembe zilizopinda, ukuta wa jirani umeingia mita nzima ndani ya mwingine. Mteja anadhani nimehongwa.

Sababu ni mstari wa ikweta. Kaskazini ya mstari, kanda ya ramani inayoitwa 36N inahesabu mita kuanzia sifuri kwenye ikweta, hivyo Kampala iko kama mita 38,000 kaskazini. Kwenye floti, hatua ya namba ya ukubwa huo ni milimita 4. Ukivuka Kayabwe, pale mstari unapopita, ukawa kusini unaingia 36S, ambako wanaongeza milioni kumi ili namba zisiwe hasi. Masaka inakuwa 9,962,000 na kitu. Floti ya biti 32 kwenye ukubwa huo inaruka mita moja kamili! Programu ileile, simu ileile, fundi yuleyule. Kampala hati ni safi, Nyendo yetu hapa Masaka ni kesi.

Na mzee wa Jinja nimefuata hesabu yake: positi ya biti 32 hapo ingeruka mita mbili.

#17 Mstaafu_Jinja
Umeipiga sawasawa. 22 za tarakimu, kipeo 23, hatua ni 2.

#18 Positi_Damu
Mpima, dawa yako wala si aina ya namba. Chukua kona moja ya kijiji iwe sifuri, toa hiyo kwenye pembe zote kwa biti 64, halafu ndiyo uchore. Ukiwa mita 500 kutoka kona, floti inaruka milimita 0.03 na positi inaruka chini ya 0.01. Mnaona? Ukipanga hesabu vizuri positi inashinda.

#19 MpimaNyendo
Ndivyo tulivyofanya, ahsante. Ila ukuta wa tofali haujui 0.03 ya milimita ni nini wala 0.01. Kwa hiyo pale ninapohitaji usahihi inaniangusha, na pale inaposhinda sihitaji.

#20 AkiikiFortPortal
Tumieni digrii za latitudo na longitudo basi.

#21 BitiZaWandegeya
Nazo zina vituko. Kampala latitudo ni 0.35 hivi, longitudo 32.58. Floti ya biti 32 inakupa latitudo kwa milimita 3 na longitudo kwa sentimita 42. Sehemu moja, namba mbili, tofauti ya zaidi ya mara mia. Ndiyo raha ya kukaa kwenye ikweta.

#22 Sista_Muhogo
Naomba niwahamishe kidogo. Mimi ninafundisha modeli ya kutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye majani ya muhogo, kwa zile picha za maabara ya akili bandia ya Makerere zilizowekwa kwenye tovuti ya Kaggle mwaka 2020, elfu 21 na zaidi. Huku hakuna anayelilia tarakimu. Nilipotumia floti ya biti 16 modeli ilianza vizuri, ikafika mahali ikawa inatoa NaN tupu. Floti hiyo ina biti 5 tu za kipeo, namba kubwa yake ni 65,504, na miteremko midogo (zile namba ndogo modeli inazotumia kujirekebisha) inayeyuka kuwa sifuri. Nikahamia bfloat16 ya watu wa Google: kipeo biti 8 kama ya biti 32, tarakimu biti 7 tu. Usahihi wake ni kama tarakimu mbili na ushei za desimali, mbaya kwa leja ya Mama, lakini modeli ikatulia.

Swali langu kwa Positi_Damu: kama positi ni nzuri karibu na 1, na uzito wa modeli mara nyingi uko huko, mbona Google na watengeneza chipu hawakuichukua?

#23 hapa_na_pale
Sista, unaifanyia kwenye kadi gani? Kadi za T4 za bure mtandaoni hazina bfloat16 kwenye silikoni yake, inaigizwa tu na inakwenda kwa mwendo wa konokono. Kwa NVIDIA, wanaotengeneza hizo kadi, ilianza na kizazi cha Ampere, 2020.

#24 Sista_Muhogo
Ndiyo maana usiku mzima! Kumbe. Webale nnyo.

#25 Positi_Damu
Sababu ni pesa. bfloat16 ukiitaka kutoka floti ya biti 32 unakata nusu ya chini, kazi imekwisha, saketi zile zile. Mwenye kiwanda atachagua kilicho rahisi kwake. 2022 NVIDIA, Arm na Intel wakaja na floti za biti 8, moja yenye kipeo cha 4 na kubwa yake 448, nyingine ya kipeo cha 5 inayofika 57,344. 2023 ukaja mpango wa MX: namba 32 zinashirikiana kipimo kimoja cha biti 8. Angalia vizuri, wanatafuta kilekile positi inachokupa, usahihi mahali namba zilipo, ila wanakitafuta kwa viraka.

#26 Mstaafu_Jinja
Si pesa peke yake. William Kahan, aliyesimamia kiwango cha 1985 na kupewa tuzo ya Turing 1989, alikabiliana na Gustafson jukwaani mwaka 2016, wakati huo wazo lake bado linaitwa unumu, kabla ya positi. Hoja yake kubwa ilikuwa uchambuzi wa makosa. Kwenye floti ninajua kila hatua inakosea kwa kiasi gani, kiwe kiwango kilekile kwa namba kubwa na ndogo, nje ya pembezoni kabisa. Juu ya hilo zimejengwa maktaba zote za hesabu. Usahihi ukiwa unapanda na kushuka kulingana na namba, nadharia hizo zote unaziandika upya. Florent de Dinechin na wenzake waliandika kuhusu positi 2019 wakagawa sifa na lawama bila upendeleo. Someni.

#27 hapa_na_pale
Mimi naona ni silikoni. Wahispania wa Complutense walijenga kiini cha prosesa cha aina ya RISC-V chenye positi na kwaire mwaka 2022, kinaitwa PERCIVAL. Kwa hiyo inawezekana. Ila kikusanyio cha biti 512 si kitu cha kubandika kwenye simu ya laki mbili.

Na watu wa utabiri wa hali ya hewa waliwajibu wote: kile kituo cha Ulaya, ECMWF, mwaka 2021 kilishuka kutoka biti 64 kwenda 32 za floti ya kawaida, nafuu iliyopatikana wakaongeza tabaka za angahewa kutoka 91 hadi 137 kwenye utabiri wa makundi (ule unaoendeshwa mara nyingi kwa pamoja). Hawakuhitaji namba mpya, walihitaji kujua ni wapi hawakuhitaji tarakimu.

#28 Mwalimu_Gulu
Mnaobishana aina ipi ni bora, jaribuni hii ya Kahan. Anza na 4, kisha 4.25. Kila inayofuata ni 108 toa (815 toa 1500 gawa kwa ya juzi) gawa kwa ya jana. Jibu la kweli linasogea 5. Ipigeni kwenye kompyuta.

#29 nakasero_usiku
Mbona yangu imekwenda 100??

#30 AkiikiFortPortal
Yangu pia 100. Nimebadilisha kwenda desimali za Python, imechelewa kidogo ikaenda 100 palepale.

#31 Mwalimu_Gulu
Positi itakwenda 100 vilevile. Tumieni sehemu kamili za Python, zile za Fraction, mtaona 5. Kosa dogo la kwanza likishaingia, mlingano wenyewe unalivuta kwenye 100.

#32 Positi_Damu
Mwalimu, hakuna aliyesema positi inafufua wafu.

#33 KijanaWaNtinda
Nimerudi. Nimetengeneza nakala ya majaribio, safu zote DECIMAL (desimali kamili), nikaingiza upya miamala kutoka kwenye risiti za karatasi badala ya databesi ya zamani. Ile mia na kitu imekufa. Lakini tawi moja limebaki na upungufu wa 2,000.

#34 Mama_Hesabu
2,000 kamili? Haya.

#35 BitiZaWandegeya
Taratibu Mama. MySQL ikionyesha FLOAT inatoa tarakimu 6 hivi za mwanzo. Salio la mamia ya milioni linaandikwa likiwa na sifuri tatu mwishoni. Kama kuna mtu alinakili salio la kufungulia kutoka kwenye skrini badala ya risiti, sifuri tatu zinaweza kuzaliwa hapo.

#36 hapa_na_pale
Nami nirekebishe #3: MySQL ikijumlisha safu ya FLOAT inajumlisha kwa biti 64. Ile hatua ya 256 inakuja tu kama jumla yenyewe imehifadhiwa tena kwenye FLOAT.

#37 KijanaWaNtinda
Imehifadhiwa hivyo, kwenye jedwali la ripoti. Salio la kufungulia sijui alilinakili nani.

#38 Mama_Hesabu
Mimi ninajua pa kuanzia kuuliza. Keshia wa hilo tawi anapanda boda au ana gari?

#39 nakasero_usiku
Banange 😂

#40 Mstaafu_Jinja
Kabla hamjamfunga mtu: wanaotaka kitu kipya zaidi ya positi watazame takumu, imetoka Ujerumani 2024. Inazuia rejimu isimeze biti zote kwenye namba kubwa. Kwa viwanja vya kusini nimeipenda kwenye karatasi, silikoni ni jambo jingine.

#41 Positi_Damu
Mpima, nitumie pembe za kiwanja chochote cha kusini. Nitazipitisha kwenye programu ya positi ya SoftPosit na kwenye takumu, nilete majedwali hapa wikendi.

#42 MpimaNyendo
Nakutumia za mfano, si za mteja. Ila kumbuka ni 36S. Kuna kijana alizisoma kama 36N, kiwanja cha Nyendo kikaenda kutua kilomita mia moja arobaini na kitu kutoka Ncha ya Kaskazini, na ramani alikuwa ameshaichapa.